UCHAMBUZI: Kilichowachosha Wakenya si umbali pekee

KISA cha kwanza cha Covid-19 kilipotangazwa nchini Kenya mnamo Machi 13, 2020, wananchi wengi walitii. Shule zilifungwa, ibada zikasitishwa na watu wakaacha kupeana mikono. Kufikia Septemba mwaka huo, utiifu ulikuwa umepungua waziwazi. Barakoa zilining'inia kidevuni na masoko yakafurika kama zamani.

Aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, aliwakaripia wananchi mara kwa mara kwa kulegeza masharti. Hata hivyo, mtiririko wa matukio unaonyesha kwamba kulaumu umma pekee ni kukwepa nusu ya ukweli.

Sababu ya kwanza ni gharama. Matatu ya abiria 14 iliagizwa kubeba wanane, na pengo la mapato likafidiwa kwa kupandisha nauli. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri iliwanyang'anya wachuuzi saa zao za mauzo. Katika mitaa kama Kibera na Mathare, ambako familia nyingi huishi katika chumba kimoja na kuchangia choo na bomba na majirani, kutokaribiana kulikuwa amri isiyo na nafasi ya kutekelezwa.

Sababu ya pili ni mabavu. Machi 27, 2020, saa chache kabla ya kafyu kuanza, polisi waliwarushia vitoa machozi wasafiri waliokuwa wakisubiri feri Likoni, Mombasa. Watu walioagizwa kukaa mbalimbali wakajikuta wakisukumana na kukohoa pamoja. Siku chache baadaye, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliomba radhi kwa nguvu zilizotumika, lakini tayari kanuni ya afya ilikuwa imechukua sura ya adhabu.

Sababu ya tatu, na nzito zaidi, ni mfano wa viongozi. Agosti 2020, madai ya ufisadi katika ununuzi wa vifaa vya Covid-19 kupitia mamlaka ya KEMSA yalizua ghadhabu. Kisha ikaja mikutano ya siasa ya mchakato wa BBI na ya kujipanga kwa uchaguzi wa 2022. Mchuuzi alikamatwa kwa kukosa barakoa, ilhali mwanasiasa alihutubia maelfu waliobanana bega kwa bega. Marufuku ya siku 60 dhidi ya mikutano hiyo ilitangazwa Novemba 4, wakati maambukizi yalikuwa yameshapanda tena.

Mwezi uliotangulia, mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani barani Ulaya, Hans Kluge, alikuwa ameeleza kwamba uchovu wa aina hiyo ni jambo la kutarajiwa janga linaporefuka. Ushauri wa ofisi yake kwa serikali ulikuwa kuwaelewa watu, kukiri ugumu wa maisha yao na kuwashirikisha katika kutafuta suluhisho.

Virusi, bila shaka, havikuwahurumia waliochoka. Machi 26, 2021, wimbi la tatu lilisababisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru kufungwa. Kafyu iliondolewa Oktoba 20 mwaka huo, baada ya takriban miezi 19.

Somo lililosalia ni kwamba uvumilivu wa umma ni akiba, na akiba hiyo huisha upesi pale ambapo mzigo unabebwa na upande mmoja. Janga jingine likizuka, mpango wa kuwataka watu wakae mbalimbali utahitaji mambo mawili tangu siku ya kwanza: riziki kwa anayezuiwa kwenda kibaruani, na sheria inayoanza kumshika mkubwa kabla ya mdogo.