Wazazi, Wapelekeni Watoto Makumbusho ya Bahari, na Wazee Pia

Kila sikukuu ya Idi uwanja wa Makadara, Mombasa, hujaa bembea, na watoto waliovaa nguo mpya huzunguka humo mpaka magharibi. Wazazi wengine huwachukua watoto wao hadi ufukwe wa Mama Ngina, wakakaa na kutazama meli zikiingia Kilindini huku wakila mihogo na kunywa madafu. Hayo ni mambo mema, na mtoto ana haki ya sikukuu yake. Lakini hatua chache kutoka hapo Makadara imesimama Fort Jesus, Ngomeni kwetu, na ndani yake mna makumbusho ambayo familia nyingi za mji huu hazijapata kuingia pamoja: baba, mama, watoto na wazee kwa siku moja.

Nakazania kuingia pamoja kwa sababu hii. Makumbusho yana vitu, na wazee wetu wana habari za vitu hivyo. Mtoto akienda peke yake na wenzake huona mbao na kamba ndani ya kioo, akapita. Akikaa barazani kumsikiliza babu yake, huyasikia majina ya foromali, demani na mkuku, lakini hana umbo la kuyavika. Watoto wetu shuleni wanaandika insha juu ya methali isemayo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wengi wao hawajawahi kuonyeshwa kwa kidole tezi iko wapi. Mzee na kitu vikikutana mbele ya mtoto, ndipo elimu hupatikana. Na wazazi ndio wenye uwezo wa kuvikutanisha.

Najua nitajibiwa kwamba sisi ni watu wa pwani, bahari iko mlangoni, tuilipie kiingilio ya nini? Hoja hii nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, nami naijibu kwa kisa kimoja. Mwezi wa Oktoba 1697 merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Ngome. Ilikuwa imeundwa Bassein, India, nayo ilitumwa kutoka Goa kuwasaidia Wareno waliokuwa wamezingirwa humo na majeshi ya Oman tangu Machi 1696. Ikalala kwenye tope karibu miaka 300. Vizazi na vizazi vya watu wa Mombasa wakavua samaki juu yake, wakapitisha madau yao juu yake, wakafa bila kujua kilichokuwa chini. Wazamiaji waliigundua katika miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa Kenya na wa nchi za nje walishuka msimu baada ya msimu, wakazipima mbao zake na kupandisha mizinga, mitungi na vyombo vya kaure kutoka Uchina. Sehemu ya vitu hivyo imewekwa Ngomeni. Mtu anaweza kukaa ufukweni umri wake wote, na bahari isimwambie neno juu ya merikebu ile.

Wapo pia wasemao kwamba hiyo ni ngome ya Wareno na habari zake ni za Wareno, tena baadaye ikawa jela ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958, basi tuwaachie watalii. Hao nawaomba wasome habari za kuzingirwa kule. Tauni iliingia ngomeni ikawaua askari wa Kireno mmoja baada ya mwingine. Kapteni wao alipofariki mwishoni mwa Agosti 1697, ulinzi wa ngome yote ulibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Wanawake hamsini juu ya kuta zile! Wakaishikilia mpaka msaada ulipofika Septemba. Na nje ya kuta, miongoni mwa waliozingira, walikuwamo Waswahili wengine waliosimama upande wa Oman, na ngome ilipoanguka Desemba 1698 wapo waliolia na wapo waliofurahi, na wote walikuwa watu wa pwani hii. Mtoto atauliza kwa nini Bwana Daud alisimama na Wareno. Mwacheni aulize, mjibu mjualo, mbishane njia nzima mkirudi nyumbani. Mabishano ya namna hiyo kati ya mzazi na mtoto ni ya thamani, nayo yamekuwa machache mno katika nyumba zetu.

Chombo ninachotaka kila mtoto wa pwani akione ni mtepe. Mitepe ya kweli haipo tena baharini, ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini mifano yake ipo, na Makumbusho ya Lamu ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja wa chuma. Mbao zilitobolewa kandokando, zikashonwa kwa kamba za usumba, na vigingi vya mti vikazuia mbao zisiteleze. Tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa wenye pembe nne, na omo yake ilichomoza mbele kama shingo ya ngamia. Mitepe ndiyo iliyobeba boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu hadi Unguja, na ndizo boriti zinazoshikilia dari za nyumba nyingi za mawe mpaka leo. Ufundi wenyewe ni wa kale sana: kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kilichoandikwa kuwaongoza wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, tayari kinavitaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu.

Kwa nini watu washone chombo, na misumari ilikuwako? Hili ni swali la kumpa mtoto wa miaka kumi na kumwacha alifikirie. Chombo kilichoshonwa hupinda kidogo kinapogusa mwamba au kinapopwelewa mchangani, ilhali kile kilichokazwa kwa chuma huweza kupasuka. Lakini maji hupenya kwenye mshono, na kwa hiyo mabaharia wa mtepe hawakupumzika kumwaga maji ya ngamani. Mkirudi nyumbani mpeni mtoto vipande viwili vya boksi, msumari na uzi, ajaribu mwenyewe kushona kipande na kipande. Atawaheshimu mafundi wale kuliko vile ambavyo hotuba yoyote ingemfanya awaheshimu.

Na hapo hapo mbele ya mtepe, nyanya asiachwe akae nje kwenye kivuli ati mambo ya vyombo ni ya wanaume. Kamba za usumba zilitoka wapi? Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani, mahali pa kujaa na kupwa, yakakaa miezi mingi mpaka yaoze. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa rungu, huchambuliwa na kusokotwa. Katika vijiji vingi vya pwani kazi hiyo ni ya wanawake, na mashariki ya Unguja wako wanaoifanya hata sasa. Mkeka wa tanga nao ulisukwa kwa mikono. Nyanya aliyepata kusokota kamba au kusuka mkeka akisimama mbele ya mfano ule, ana mengi ya kusema kuliko kibao kilichobandikwa ukutani, na mjukuu wa kike anayesikiliza atajua kwamba safari za baharini zilishikiliwa na watu wa jinsi yake pia.

Haya tusiyaahirishe. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe mzima, nao ukawekwa Unguja katika uwanda wa ndani wa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Lilikuwa ni makumbusho ya bahari na ya Waswahili, mkabala na bustani ya Forodhani, ambako kila jioni familia za mjini hula urojo na mishikaki. Ni wangapi waliokula pale miaka nenda rudi wakisema ipo siku tutaingia? Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka ule amekua akiliona jumba lile kwa nje tu. Ikiwa jumba la mawe lililosimama zaidi ya miaka 130 linaweza kuondoka siku moja, basi yule mzee wa mtaani kwenu aliyekuwa sarahangi wa jahazi ana umri gani leo, na mtamngoja mpaka lini?

Kuhusu shule sitasema mengi. Walimu wanajitahidi, lakini watoto hamsini nyuma ya mwalimu mmoja hunakili miaka kwenye daftari na kurudi kwenye basi. Mwalimu hajui kwamba babu wa babu yao aliuza papa mkavu, wala kwamba jina la ukoo wao lilikuja na chombo kutoka Hadhramaut au kutoka visiwa vya Wabajuni. Hayo mnayajua nyinyi. Kuhusu kiingilio, mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto kidogo zaidi.

Jambo jingine ambalo makumbusho hulifundisha vizuri ni pepo. Tafuteni ramani ya Bahari ya Hindi, mwekeni mtoto mbele yake. Kaskazi huvuma karibu na Desemba hadi Machi, ikayaleta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza karibu na Aprili, ikayarudisha. Nahodha hakuwa na hiari. Alingoja upepo ugeuke, na katika kungoja aliuza, akakopa, akaswali na watu, akaoa, akazaa. Nusu ya nasaba za miji yetu zimefungwa na ratiba hiyo. Mtoto akiielewa, atajua kwa nini nyumbani kwao kuna shangazi wa Lamu, mjomba wa Pemba na jamaa wa Maskati, na hilo si jambo dogo kwa kijana anayekua akitafuta yeye ni nani.

Sasa nizungumzie namna ya kwenda, maana matembezi mengi huharibika kwa pupa. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, mkiwa mmekwisha kula. Msijaribu kuona kila kitu. Chagueni vitu vitatu au vinne, mkae navyo. Kwa watoto wadogo Ngomeni pana mizinga na mifupa ya nyangumi, na wao hawahitaji zaidi. Kwa wakubwa uko ukuta ambao askari na mabaharia wa Kireno waliuchora merikebu, makanisa na ngome, kwa rangi nyekundu na makaa. Mwulizeni kijana mtu aliye mbali na kwao huchora nini, na kwa nini. Mwacheni babu atangulie na aende kwa mwendo wake. Simu na zikae mifukoni, ila ile moja ya kumrekodi mzee anaposema. Kisha mtoke mwende kwenye kazi hai: kutoka Lamu mjini mwende Matondoni, kutoka Mji Mkongwe mwende Nungwi, mkaone chombo kikiundwa kuanzia mkuku na mataruma. Watoto washike mbao, wanuse sifa, yaani mafuta ya papa, waone pamba ikisukumwa kati ya mbao kwa kazi ya kalafati. Mwombeni fundi ruhusa kwanza, na mkitoka mpeni kitu, maana mmemsimamisha kazi.

Ndugu zetu wa bara wanaoshuka pwani kila Desemba kwa garimoshi la SGR nawasihi nao watenge asubuhi moja kati ya siku za hotelini. Na Waswahili walioko Oman wasidhani nawasahau. Sur kuna Fath al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa huko mwaka 1951, limehifadhiwa watu walione. Maskati kuna Sohar, chombo cha kushonwa kilichosafiri hadi China mwaka 1980 na 1981. Waelezeni watoto wenu pia safari ya Sultanah, merikebu ya Sayyid Said iliyotoka Maskati ikapitia Unguja na kufika New York mwaka 1840, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Maskati ana pande mbili za bahari hiyo hiyo, na anafaa azione zote.

Wasimamizi wa makumbusho nao wana deni lao. Palipo na maelezo ya Kiingereza peke yake, nyanya yangu na wa mwenzangu hugeuzwa wageni mbele ya kamba walizosokota wenyewe. Kiswahili kitangulie, kwa herufi kubwa ambazo macho ya mzee yataziona. Waajiriwe mabaharia na mafundi wazee, wakae kwenye kumbi hizo siku za Jumamosi na sikukuu, walipwe kama mtaalamu yeyote anavyolipwa.

Nanyi wazee wetu, msingoje kubembelezwa. Mkialikwa na wajukuu, nendeni. Mkisimama mbele ya jahazi dogo ndani ya kioo mkaona foromali imefungwa vibaya, au jina la chombo limekosewa, semeni kwa sauti, watoto wasikie. Kisha mwiteni mwangalizi wa ukumbi, mwambieni kosa lilipo, naye aliandike kitabuni pamoja na majina yenu na ya vyombo mlivyosafiria.