Goma: Mboga inaweza kuota juu ya mawe, lakini inadai mpango

Mjini Goma, parseli ni ndogo, wapangaji ni wengi, na chini ya miguu ni mawe ya volkano. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Mei 2021 ikashuka tena mpaka Buhene. Mahali pengi jembe linagonga jiwe kabla ya kuingia. Ndiyo maana mji unategemea mboga za Kibumba, Rutshuru, Masisi na Minova. Barabara ikifungwa, kama ilivyokuwa Sake mnamo Februari 2024, fungu la mboga linapungua sokoni na bei inapanda.

Hapo ndipo wakaaji wengi wanakumbuka bustani ya mfuko. Wazo ni zuri. Kinachokosekana ni mpango. Mtu anapata mbegu, anajaza mifuko kumi, anapanda kabichi, na baada ya mwezi mmoja anaacha. Kisha anasema udongo wa Goma haufai. Udongo hauna kosa. Hesabu ndiyo haikufanywa.

Hesabu ya kwanza ni maji, si mbegu. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, chombo kimoja cha mboga kinaweza kunywa lita moja au mbili kwa siku. Vyombo sita vinaweza kumaliza nusu ya bidoni ya lita 20. Jamaa inayonunua maji, au ambayo watoto wake wanayachota ziwani, haifai kuanza na vyombo kumi na vitano. Ianze na vinne. Maji yaliyoosha mchele au mboga yasimwagwe njiani, na msimu wa mvua ndoo iwekwe chini ya bati.

Ya pili ni jua. Nyanya na pilipili vinataka jua la saa sita hivi kwa siku. Lengalenga inavumilia kidogo kuliko hizo. Kabla ya kubeba udongo, mama wa nyumba aangalie siku mbili au tatu jua linapita wapi kati ya ukuta na nyumba ya jirani. Mfuko uliojaa udongo ni mzito, na hakuna anayependa kuuhamisha.

Ya tatu ni chakula chenyewe. Kabichi inachukua karibu miezi mitatu na inakaa peke yake katika chombo. Lengalenga inaanza kuvunwa baada ya wiki nne hivi, na ikikatwa bila kung'olewa inachipuka tena. Beseni lenye kina cha sentimita 20 linaitosha. Mwenye mabeseni manne akipanda moja kila wiki, hatakuwa na mboga nyingi siku moja na sahani tupu siku zinazofuata. Mboga ya kula na bugali inahitajika kila jioni, si mara moja kwa msimu.

Vyombo havikosi. Bidoni iliyotoboka, ambayo haibebi tena maji, inafaa baada ya kukatwa na kutobolewa chini. Iliyobeba dawa ya wadudu au mafuta ya gari isiguswe. Katika mfuko mkubwa, mawe yapangwe katikati kama nguzo ili maji yafike mpaka chini, na miche ipandwe juu na pembeni pia. Mawe hayo, ambayo mji mzima unayalalamikia, hapa yanapata kazi. Udongo uchanganywe na mbolea iliyooza ya sungura, kuku au kobayi.

Lakini mzigo wote usiwekwe juu ya mpangaji. Kuna wenye nyumba wanaokataza hata beseni moja uani, kwa hofu ya matope. Hofu hiyo inaeleweka, na inaweza kumalizwa kwa maneno mawili siku ya kulipa garanti: vyombo vitakaa wapi, na nani atasafisha. Mji nao una wajibu. Majani na maganda yanayorundikana katika soko kama Virunga yanaoza bila faida. Yakitengwa na plastiki, yangekuwa mbolea kwa mitaa isiyo na udongo.

Watakuwepo wanaosema kwamba mfuko wa lengalenga haufungui barabara wala haurudishi mkulima wa Masisi shambani kwake. Ni kweli, na hakuna mwenye mamlaka anayepaswa kujificha nyuma ya bustani za uani. Wakulima wanahitaji usalama, na mji unahitaji barabara zake. Lakini wakati jamaa inangoja hayo, watoto wanakula leo. Mabeseni manne yaliyopangwa vizuri hayatamaliza njaa. Yanaweza kuokoa franga za mboga mara moja au mbili kwa wiki, na franga hizo zikanunua sambaza.