MASHINE NA KAZI ZAKE: Hewa ya Ziwani na Nguvu za Injini

Mtu wa Kakamega atakaye kufanya kazi ya mashua yenye injini, ziwa lililo karibu naye ni Victoria, upande wa Kisumu. Ziwa hilo liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini huchoma petroli kwa kadiri ya hewa inayovuta. Kwa hiyo iliyo na nguvu 40 huko Mombasa, ziwani hubaki na nguvu kama 36 tu.

Dawa moja ni supachaja, yaani pampu iendeshwayo na injini yenyewe kwa mkanda, ambayo hushindilia hewa zaidi ndani ya silinda. Nguvu huongezeka kweli. Lakini injini ya kawaida haikuundwa kwa mzigo huo. Joto huzidi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, na mwishowe pistoni hutoboka. Gari likiharibika njiani, dereva hushuka. Mashua ikizimika mbali na ufuko, na dhoruba inakuja, wavuvi hawana pa kushukia.

Basi mwenye mashua na ajaribu kwanza kubadili rafadha, atie ile isukumayo maji machache zaidi kwa kila mzunguko. Injini itazunguka upesi bila kulemewa, na gharama yake ni ndogo. Hilo lisipotosha, heri kununua injini kubwa kuliko kuilazimisha ndogo.