Nambari ya spea si nambari!

Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni juu ya watengeneza programu wenzangu.

Wiki jana nilishuka Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta pedi za breki za mbele za NZE yangu. Nambari kamili nilikuwa nayo, nimeinakili kwenye boksi la zamani, inaanza na 04465. Kijana wa kaunta akaichapa kwenye kompyuta. "Haipo, bosi." Akatafuta kwa jina "Corolla", akanipa boksi jingine. Fundi akafungua gurudumu, pedi zikakataa kuingia. Gari likalala gereji siku mbili. Niliporudi dukani, boksi nililotaka liko kwenye rafu, nyuma ya kijana yule yule! Nikamwomba nitazame kompyuta. Kumbe nambari imo, ila inaanza na 4465. Sifuri ya mbele imeliwa.

Nani kaila? Si kijana. Ni mtaalamu mwenye digrii kama yangu, aliyemimina orodha ya duka kutoka kwenye spredishiti bila kuiambia kuwa safu ile ni maandishi. Spredishiti ikiona tarakimu hudhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Lakini ni nani hujumlisha pedi na filta? Nambari ya spea ni jina.

Na jina hilo lina mpango wake. Kwa Toyota, tarakimu tano za kwanza husema ni kitu gani: 04465 ni pedi za mbele, 04466 za nyuma, 48510 shokomzoba ya mbele kulia, 48520 ya kushoto. Tano za pili huelekeza kwenye gari au injini na toleo lake. Honda nao wana filta ya oili 15400-PLM-A02. Haya, ingiza hiyo PLM kwenye safu yako ya hesabu tuone! Volkswagen huandika 06A 115 561 B: hapo 115 561 ni filta ya oili, na B ni marekebisho.

Sasa atatokea mjanja aseme: kama nambari ina maana, tuandike programu iisome na ijue yenyewe spea ni ya gari gani. La hasha! Hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Kweli, kwa Toyota 12 baada ya kistari mara nyingi ni Corolla, 26 ni Hiace, 60 ni Land Cruiser. Lakini 02 pia ni Corolla. Tena spea iliyobuniwa kwa gari moja hufungwa kwenye magari mengine bila kubadilishwa nambari. Kwenye spea za injini, tarakimu hizo mara nyingi hufuata injini, si gari. Mpango ule humsaidia binadamu kushtuka akipewa 04466 badala ya 04465. Haumpi mtu ruhusa ya kubahatisha.

Kwa hivyo, ndugu zangu, fanyeni haya. Hifadhini nambari kama maandishi. Ondoeni vistari na nafasi wakati wa kutafuta tu, lakini sifuri msiiguse. Wekeni jedwali la nambari mpya zilizochukua mahali pa za zamani, maana kampuni hubadilisha. Na spea inaingia gari gani, ulizeni katalogi kwa nambari ya chesisi, si kwa "Corolla ya mwaka fulani".

Mtasema ni sifuri moja tu. Mimi pedi zilikataa kuingia, nikapoteza siku mbili. Je, zingeingia kwa kulazimishwa, na mimi niko kwenye mteremko wa Mai Mahiu?

Tukutane tena.