Wosia Hautoshi

Kila unapozuka mgogoro wa mirathi uliovuta masikio ya watu, ushauri unaotolewa redioni, misikitini, makanisani na kwenye semina za wanasheria ni uleule: andikeni wosia. Ni ushauri mwema, na RITA, wakala wa serikali unaowaandikia na kuwatunzia wananchi wosia zao, unafanya vizuri kuurudia bila kuchoka. Hata hivyo, tumelitenga toleo hili kwa ajili ya mirathi kwa sababu tunaamini ushauri huo, ukiachwa peke yake, unaupeleka mzigo pasipo pake. Anayeambiwa aandike wosia ni mwenye mali. Anayeumia asipouandika ni mwingine kabisa. Mjane hana uwezo wa kumlazimisha mumewe kuandika, na katika nyumba nyingi hana hata uwezo wa kulitaja jambo hilo, maana atakayelitaja ataonekana anamchuria mwenzake. Watu wengi kwetu hufa bila wosia, na wataendelea kufa hivyo hata tukihimiza namna gani. Kwa hiyo sheria inayotawala mirathi ya wengi ni ile inayoanza kazi pale wosia usipokuwepo. Sheria hiyo, kwa Tanzania Bara, ni mbovu, na kazi ya kuitengeneza ni ya Bunge, wala si ya mgonjwa aliye kitandani.

Tumchukue mwanamume aliyefariki bila wosia, akaacha mke mmoja, watoto, nyumba na shamba. Mjane wake atapata nini? Jibu linategemea sheria ipi kati ya tatu itatumika. Ikitumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza walituachia na ambayo bado ipo kwenye vitabu vyetu, mjane atapata theluthi moja na watoto watagawana theluthi mbili zilizobaki. Ikitumika sheria ya Kiislamu, atapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Yakitumika Matamko ya Sheria za Kimila yaliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, hatapata kitu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Kanuni ya 27 ya matamko hayo inasema sehemu ya mjane ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Tuisome kanuni hiyo kwa makini, maana ina sauti ya upole inayoweza kutulaghai. Haimpi mama chumba, haimpi ekari, haisemi atakula nini iwapo watoto wenyewe bado wananyonya. Na aliyeolewa miaka ishirini bila kujaliwa mtoto, kanuni hiyo haina neno la kumwambia.

Nani huamua sheria ipi itumike? Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na alichokusudia. Katika shauri la mirathi ya Mbilinyi la mwaka 1969, Mahakama Kuu iliona kwamba marehemu alikuwa ameachana na maisha ya kimila, hivyo mirathi yake isifuate mila. Kipimo hicho kilibuniwa kwa nia njema, lakini tazama kinavyofanya kazi kwenye familia ya kawaida. Marehemu alifunga ndoa kanisani, akalipa mahari kijijini, akafanya kazi Dodoma, akajenga kwao, akawa anahudhuria vikao vya ukoo kila Desemba. Alikuwa mtu wa mila au hakuwa? Ndugu zake wataleta mashahidi wa upande mmoja na mkewe wa upande mwingine, na kati ya mjane kuondoka na theluthi na mjane kuondoka na mabegi yake, kinachoamua ni jinsi hakimu alivyoyasoma maisha ya mtu ambaye hawezi tena kuulizwa. Sheria isiyojulikana mpaka kesi iishe haimlindi yeyote, na humwonea zaidi asiye na nauli ya kurudi mahakamani.

Wapo watakaosema: ndiyo maana wosia unahitajika, uondoe shaka zote hizo. Lakini shauri maarufu kuliko yote ya urithi wa wanawake nchini, lile la Ephrahim dhidi ya Pastory lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya huko Mwanza mwaka 1990, lilikuwa na wosia. Mwanamke wa Kihaya alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Ndugu wa ukoo alimshtaki, na mahakama ya mwanzo ilikubaliana na mdai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Wosia wa baba ulikuwepo muda wote huo, na haukumwokoa. Kilichomwokoa ni jaji kuyapima matamko ya mwaka 1963 kwa Katiba na kuyakuta yanabagua. Si hilo tu. Matamko hayohayo yanataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wakiwemo wa ukoo, na yanaruhusu mrithi aliyenyimwa urithi bila kupewa nafasi ya kujitetea aupinge wosia huo. Upande wa Waislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali, wala hauwezi kumwongezea mrithi sehemu yake bila ridhaa ya warithi wengine. Mwenye kudhani karatasi moja yenye sahihi inaifuta sheria iliyo nyuma yake hajauona ugomvi wa mirathi kwa karibu.

Kuna jambo lingine ambalo tunaona halijasemwa kwa nguvu inayostahili. Tangu Mahakama ya Rufani iamue shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa, na mke anayepewa talaka anaweza kudai mgawo wake chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu hicho kinahusu talaka na kutengana, kifo hakimo. Mwanamke aliyeachika ana mchango unaotambulika kisheria. Mwenzake aliyevumilia, akamuuguza mume mpaka pumzi ya mwisho, akikutana na kanuni ya 27 anahesabika kama mgeni aliyemaliza muda wake. Hakuna mila tunayoijua, wala dini, inayofundisha kwamba mke aliyekaa mpaka mwisho astahili kidogo kuliko aliyeondoka.

Pingamizi zito zaidi ni la mila yenyewe. Linasema ardhi ya ukoo ni makaburi ya mababu, na mjane au binti akiirithi ataihamishia ukoo mwingine. Hoja hii ina uzito; mtu wa Kilimanjaro anayekitetea kihamba au wa Kagera anayekitetea kibanja hapaswi kudharauliwa. Lakini inabidi tutenganishe vitu viwili. Matamko ya mwaka 1963 ni maandishi ya serikali. Yalitokana na kazi ya kukusanya na kuunganisha mila za makabila yanayofuata upande wa baba, kazi iliyoongozwa na Hans Cory, na yalipochapishwa yaligandisha kile ambacho wazee wa wakati ule walikuwa bado wanakibadilisha kadiri maisha yalivyokwenda. Mila hai ilikuwa na baraza lililoweza kumtazama mjane huyu na watoto hawa, likaamua. Kanuni iliyochapishwa haimtazami mtu. Halafu, kulinda ardhi ya ukoo hakudai kumnyima mtu urithi. Jaji Mwalusanya hakuufuta ukoo: alisema mwanamke na mwanamume wana mamlaka sawa, na akamwachia mdai nafasi ya kulikomboa shamba kwa kuirudisha bei iliyolipwa. Ukoo unaothamini ardhi yake upewe haki ya kwanza ya kuinunua. Kuichukua bure kutoka kwa mjane hakujawahi kuwa njia ya kuilinda.

Kwa Waislamu hoja ni tofauti, na tunaitamka bila kuzungukazunguka. Mafungu ya mirathi yametajwa ndani ya Qur'ani, na muumini hawezi kuambiwa na Bunge kwamba yabadilishwe. Hatupendekezi hivyo. Kenya, ilipokuwa na Sheria ya Urithi moja kwa wote iliyoanza kutumika mwaka 1981, ililazimika kuwaondoa Waislamu mwaka 1990 baada ya malalamiko ya muda mrefu, na sisi hatuna sababu ya kupita njia hiyo kwa miguu yetu. Tunachoongeza ni kwamba thumni ya mjane wa Kiislamu ni haki yake yeye, ya wazi na iliyopimwa. Pale shemeji anapoichukua kwa kisingizio cha mila za kwao, anayevunja sheria ya Mungu ni shemeji, na sheria ya nchi iwe upande wa mjane.

Wengine wanasema tusiharakishe. Mahakama zitayarekebisha haya polepole. Zilipewa nafasi. Wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni za mwaka 1963, na mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba mila za makabila yote nchini zingefuata mkondo huo. Ikaelekeza macho kwenye halmashauri za wilaya, ambazo kisheria zinaweza kuanzisha marekebisho ya mila. Rufaa yao ilikaa miaka minne na kutupwa kwa kasoro za hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Hesabu kutoka uamuzi wa Mwanza mpaka hapo: miaka 25. Mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu ya Mwalusanya aliweza kuolewa na kufiwa ndani ya muda huo, akazikuta kanuni zilezile.

Sheria tunayoidai haihitaji kuwa ndefu. Imhakikishie mwenzi aliyebaki makazi na sehemu ya mali isiyotegemea huruma ya mtu, iwape watoto wa kike na wa kiume mafungu sawa, iache mafungu ya Kiislamu yalivyo kwa Waislamu, na iupe ukoo haki ya kwanza ya kununua. Rwanda iliwapa mabinti haki sawa ya kurithi kwa sheria ya mwaka 1999, nchi ikiwa bado inauguza majeraha yake. Sheria ya Kenya nayo tusiinakili kwa macho yaliyofumbwa, kwa kuwa iliandikwa ikimkatia mjane haki yake ya maisha akiolewa tena, huku mwanamume aliyefiwa akioa bila kupoteza kitu.

Wakati Bunge likisubiriwa, mahakama za mwanzo zinaweza kuanza na jambo moja lililo mikononi mwao. Karibu kila ombi la usimamizi wa mirathi hufika likiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, ingawa sheria haiulazimishi. Mara nyingi muhtasari huo umejaa sahihi za wajomba na baba wadogo, na jina la mjane halimo. Hakimu akiupokea hivyo, amekubali kwamba kikao kilikuwa kamili bila yeye. Aulize mjane yuko wapi, amwite, amsikilize kabla ya kumteua msimamizi. Kisha afuatilie orodha ya mali ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne, kwa sababu ni katika miezi hiyo, nyumba ikiwa bado na harufu ya matanga, ambapo cherehani, ng'ombe na hati ya kiwanja huhamishwa usiku.