Kodi Isiyojua Hasara

Tarehe 25 Machi 2020, siku kumi na mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Corona, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa na kutoa ahadi ambazo mfanyabiashara yeyote angezipokea kwa mikono miwili. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Kodi ya mapato ya kampuni ingetoka asilimia 30 hadi 25. Mfanyakazi mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hangekatwa kodi ya mapato hata senti moja. Na kodi ya mauzo ghafi, ambayo wenye maduka wameizoea kwa jina la TOT, ingepungua kutoka asilimia 3 hadi 1. VAT ilishushwa tangu Aprili mosi kwa tangazo la waziri. Ahadi nyingine za kodi zikapata nguvu tarehe 25 Aprili, rais alipotia sahihi Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2020.

Sheria ile inastahili kuangaliwa upya, kwa sababu dhiki nyingine itakuja, iwe ni maradhi, ukame au mafuriko, na Bunge litaombwa tena kutunga nafuu kwa haraka. Dai langu ni hili: sehemu kubwa ya nafuu ya 2020 ilimfaa aliyekuwa bado anapata. Aliyefungiwa biashara hakuwa na faida ya kutozwa, basi kumpunguzia kiwango cha kodi hakukumtia chochote mfukoni. Nafuu iliyomfikia muuzaji mdogo moja kwa moja ilikuwa ile ya TOT, na hiyo nayo ikaja kuondolewa wakati biashara nyingi hazijasimama sawasawa.

Tuanze na kodi ya kampuni. Kodi hii hukatwa kwenye faida. Kampuni ya simu au benki iliyoendelea kupata mabilioni katikati ya janga ilibaki na shilingi tano zaidi katika kila mia ya faida yake. Hoteli ndogo ya Malindi iliyokosa watalii haikuwa na faida, na asilimia 30 ya sufuri ni sawa na asilimia 25 ya sufuri. Sheria haikumbagua mtu kwa jina, lakini matokeo yake yalibagua: kadiri ulivyoumia zaidi ndivyo ulivyofaidika kidogo.

VAT ina habari yake. Bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya kodi ilitoka 1,160 ikawa 1,140. Shilingi ishirini hizo ni za nani? Duka ambalo mauzo yake hayafiki shilingi milioni tano kwa mwaka halilazimiki kujisajili kwa VAT. Mwenye duka huyo hununua kwa bei iliyokwisha kubeba kodi, wala hawezi kudai kurudishiwa. Kama msambazaji hakushusha bei, nafuu iliishia kwa msambazaji. Waliosajiliwa nao walilazimika kubadilisha mashine zao za risiti mara mbili ndani ya miezi tisa, kwa maana Januari mosi 2021 kiwango kilirudi 16.

Sasa TOT, ambako ndiko uzito wa jambo ulipo. Chukua duka la rejareja linalouza bidhaa za shilingi 300,000 kwa mwezi. Tuseme baada ya kulipia mzigo, muuzaji anabaki na asilimia 8, yaani shilingi 24,000. Hapo hajalipa pango, umeme wala kijana wa kumsaidia. TOT ya asilimia 3 ni shilingi 9,000. Ya asilimia 1 ni 3,000. Shilingi 6,000 anazookoa kwa mwezi si haba kwa mtu wa kipato hicho. Zinaweza kulipa pango la chumba au sehemu nzuri ya mshahara wa msaidizi.

Kisha kafyu ya janga inaingia, watu wanakimbilia nyumbani kabla ya saa moja jioni, na mauzo yanashuka nusu: 150,000. Anabaki na 12,000. Pango ni 10,000, na mwenye nyumba hakutajwa katika sheria yoyote ya nafuu. Zimebaki 2,000. TOT ya asilimia 1 inachukua 1,500 na kumwachia mia tano. Ile ya asilimia 3 ingechukua 4,500, na muuzaji angelazimika kuchimba mtaji wake ili ailipe serikali. Kushusha kiwango kulimwokoa asizame, lakini hata hicho kiwango cha chini kilikula robo tatu ya alichobakiwa nacho. Kodi hii haiulizi kama umepata au umepoteza. Inahesabu kilichopita mkononi tu, na inadaiwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Sheria ya Aprili ilifanya jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana mitaani. TOT ilikuwa ya biashara ambazo mauzo yake hayazidi milioni tano kwa mwaka. Sasa ikawekewa sakafu ya milioni moja na dari ya milioni hamsini. Sakafu ilikuwa neema kwa mama mboga na fundi viatu, kwani walitolewa kabisa kwenye kodi hiyo. Dari ndiyo yenye mtego. Mwenye duka la jumla la sukari na unga anaweza kuuza milioni arobaini kwa mwaka na kubaki na asilimia 2 tu baada ya gharama zote. Asilimia 1 ya mauzo yake ni nusu ya faida yake. Kampuni kubwa, kwa kiwango kipya cha wakati ule, ilitozwa robo ya faida. Ni kweli mfanyabiashara anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA, mamlaka ya mapato, aondolewe kwenye TOT ili atozwe kwa faida. Lakini njia hiyo inataka vitabu vya hesabu vilivyopangika, na mara nyingi mhasibu wa kulipwa, na hivyo vyote hana.

Ndani ya sheria hiyohiyo iliyopewa jina la nafuu kulikuwa pia na mabadiliko ambayo Hazina ya Taifa ilikuwa ikiyataka hata bila ugonjwa. Vivutio vya uwekezaji vilipunguzwa. Bidhaa kadhaa zilitolewa kwenye kundi la VAT ya kiwango sifuri na kuwekwa kwenye kundi la zilizosamehewa. Kwa sikio la kawaida makundi hayo mawili ni kitu kimoja, maana katika yote mawili mnunuzi halipi VAT. Kwa mtengenezaji tofauti ni kubwa. Wa kiwango sifuri hurudishiwa VAT aliyoilipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio. Wa zilizosamehewa harudishiwi, basi gharama hiyo huipenyeza kwenye bei, na mlaji anailipa bila kuiona kwenye risiti. Mabadiliko ya namna hii yanastahili mjadala wa miezi. Yalipitishwa katika wiki chache ambazo mikutano ya hadhara ilikuwa imepigwa marufuku, wananchi wakibaki kutuma maoni kwa maandishi.

Kisha nafuu yenyewe ikafika mwisho. Desemba 2020 Bunge lilipitisha marekebisho ya pili, na kuanzia Januari mosi 2021 kodi ya kampuni ikarudi asilimia 30 na VAT asilimia 16. Kafyu haikurudi ilikotoka. Iliendelea hadi tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, rais alipoiondoa. Kwa zaidi ya miezi tisa biashara zilibeba vizuizi vya janga huku zikilipa kodi za siku za kawaida. Serikali iliyokuwa na mamlaka ya kufunga milango ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kuamua nafuu iishe lini, na mambo hayo mawili hayakufungamanishwa popote katika sheria.

Siku hiyohiyo ya Januari mosi ilianza kodi ya kima cha chini, iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2020, miezi miwili tu baada ya sheria ya nafuu. Ilikuwa asilimia 1 ya mauzo ghafi, ilipwe hata kama umepata hasara. Waliokuwa kwenye TOT waliachwa nje, lakini wafanyabiashara wa kadiri wanaotozwa kwa faida waliingia moja kwa moja.

Waliokwenda mahakamani kuipinga hawakuwa mabwanyenye. Walikuwa chama cha wenye baa wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado. Fikiria hali yao. Baa zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa mwishoni mwa Septemba. Machi 26, 2021 zikafungwa tena katika Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Malipo ya kwanza ya kodi ya kima cha chini yalitakiwa Aprili 20, yaani wakati milango imefungwa kwa amri ya serikali. Tena katika bei ya chupa ya bia, sehemu kubwa ni ya kiwanda na ya ushuru wa bidhaa. Mwenye baa hubaki na kidogo, ila mauzo yake huhesabiwa kwa bei nzima. Mahakama Kuu ya Machakos ilisimamisha kodi hiyo kabla tu ya tarehe ya malipo. Septemba 20, 2021 Jaji George Odunga aliamua kwamba ni kinyume cha Katiba. Kodi ya mapato hutozwa kwenye faida, na kumtoza aliyepata hasara ni kumla mtaji. Ibara ya 201 inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo Desemba 2022.

Upande wa serikali una hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Ziko kampuni zinazotangaza hasara mwaka baada ya mwaka huku zikifungua matawi mapya. TOT nayo ina wepesi wake: mtu anajumlisha mauzo, anatoa asilimia yake, anamaliza kwa simu bila kumtafuta mhasibu. Na hospitali zilizohitaji vitanda na oksijeni mwaka 2020 zilihitaji pesa za kodi. Yote ni kweli. Lakini dawa ya kampuni inayoficha faida ni ukaguzi wa kampuni hiyo. Kuwatoza wote kwa mauzo ni kumwadhibu mwenye hasara ya kweli kwa kosa la mwenye hasara ya uongo.

Marekani, iliyochagua kugawa fedha, nayo ilijikwaa. Sheria ya CARES ya Machi 27, 2020 ilitenga dola bilioni 349 za mikopo kwa biashara ndogo kupitia mpango wa PPP. Mkopo ulifutwa kama mwenye biashara aliutumia zaidi kulipa mishahara, na fedha hizo zilikwisha kabla wiki mbili hazijatimia tangu milango ifunguliwe. Mkopo uliofutwa haukuhesabiwa kuwa mapato, lakini mamlaka ya kodi ilisema gharama zilizolipwa kwa fedha hizo zisikatwe kwenye hesabu ya faida. Wenye biashara wakajikuta wakitazamia kodi kwenye faida ya makaratasi tu. Bunge la Congress lilirekebisha jambo hilo Desemba mwaka huohuo. Huko, angalau, kosa lilisahihishwa kwa sheria kabla ya msimu wa kuwasilisha hesabu.

Kwetu, sehemu bora ya hotuba ya Machi 25 haikuhusu viwango vya kodi. Rais aliagiza wizara na idara zilipe shilingi bilioni 13 za madeni ya wazabuni ndani ya wiki tatu, na marejesho ya VAT ya bilioni 10 yaharakishwe. Hizo ni pesa za wafanyabiashara wenyewe zilizokuwa zimeshikiliwa na serikali. Kumlipa mtu deni lake kunamfikia hata asiye na faida, na kunamfikia haraka. Ila agizo ni agizo. Halikuwekwa katika sheria yenye tarehe na adhabu, wala halikuzifunga kaunti, ambazo zinadaiwa na maelfu ya wazabuni wadogo waliopeleka maziwa hospitalini au kukarabati barabara za mitaa.

Julai 2023, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, TOT ilirudi asilimia 3, na dari ikashushwa hadi milioni 25. Sakafu ikabaki milioni moja ileile. Muuzaji anayeuza shilingi 3,500 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, tayari ameivuka. Piga hesabu: asilimia 3 ya mauzo inalingana na asilimia 30 ya faida pale tu faida inapofika asilimia 10 ya mauzo. Mwenye kubaki na asilimia 5 analipa asilimia 60 ya faida yake. Benki inalipa 30. Sioni namna ya kuitetea tofauti hiyo mbele ya Ibara ya 201 ambayo mahakama mbili zimekwisha kuifasiri.

Mambo ya kufanya si magumu kuandikwa. Sheria ya Kodi ya Mapato iwe na kifungu cha kudumu: serikali inapofunga aina fulani ya biashara kwa amri, TOT na malipo ya awamu ya biashara hizo yasimame yenyewe, na yasirudi hadi amri itakapoondolewa. Sakafu ya TOT ipandishwe na kuangaliwa kila mwaka kulingana na kupanda kwa bei. KRA iruhusu daftari la mauzo na matumizi, hata la kuandikwa kwa mkono, limtoshe mfanyabiashara mdogo anayetaka kutozwa kwa faida. Na deni la serikali kwa mzabuni likipita siku 90, likatwe kwenye kodi anayodaiwa.

Mswada wa Fedha hufika Bungeni kila mwaka kabla ya Juni, na kamati ya fedha hutangaza siku za kupokea maoni. Vyama vya wafanyabiashara wa soko, vinyozi, saluni, baa na maduka viandike vifungu hivi na kuvipeleka mapema, kabla dhiki ijayo haijabisha. Wenye baa wa Kitengela walionyesha kwamba chama kidogo kinaweza kuangusha kodi ya taifa zima. Kuandika memoranda ni kazi ndogo kuliko ile waliyoifanya.