Taima ya Pampu: Dai Kristali

Ndugu mkulima, fundi akikuundia taima ya kumwagilia, muulize: maikrokontrola inahesabu muda kwa saketi yake ya ndani au kwa kristali? Saketi ya ndani haina gharama ya ziada, lakini joto huiyumbisha. Ikichelewa kwa asilimia 1 tu, ni dakika 14 kwa siku. Baada ya wiki mbili, pampu ya saa 12 asubuhi inawaka saa 3 imepita, jua kali, maji yanapotea hewani. Kristali ya saa, yenye mitetemo 32,768 kwa sekunde, kwa kawaida hukosea sekunde chache tu kwa siku. Mashine ya kugeuza mayai kila baada ya saa kadhaa haihitaji kristali, usilipie. Taima ya pampu, usiipokee bila hiyo.